Je, filamu ya Akira iliiharibu manga yake?

"Shikamoo Mwalimu. Nasoma fasihi, niko mwaka wa tatu chuoni. Nimeitazama filamu ya Akira mara mbili na mwisho wake sijauelewa hata kidogo: Tetsuo anavimba, chupa za maabara zinapasuka, mwanga mweupe unafunika kila kitu, basi. Rafiki yangu aliyeisoma manga yake, yaani hadithi ya picha ya Kijapani ambayo filamu ilitokana nayo, anasema nimepoteza muda, kwamba filamu ni muhtasari mbovu, kwamba watu wa studio walimkata mwandishi maneno, na kwamba Akira mwenyewe hata haonekani. Nataka kuandika insha ya mwisho wa muhula nikilinganisha kazi hizi mbili, lakini majuzuu ni sita na pesa yangu kwa sasa inatosha mawili. Nikazane au nitafute mada nyingine? Halafu mdogo wangu wa miaka kumi na moja anataka kuitazama kwa kuwa ni katuni. Nimwachie?"

Marahaba. Mada usiibadilishe, ila lile swali la kama filamu iliiharibu manga lifute. Mtabishana wewe na rafiki yako mpaka muhula uishe, kwa sababu mnabishania jambo ambalo halikutokea. Hakuna studio iliyomkata mwandishi maneno. Katsuhiro Otomo aliyeichora manga ndiye aliyeiongoza filamu, na mswada wa filamu aliuandika yeye akishirikiana na Izo Hashimoto. Kilichoachwa alikiacha mwenyewe. Ukitaka kumlaumu kwa alichochagua, ruksa, lakini usimtafutie mwizi.

Kosa la pili ni la tarehe, na ndilo linalozaa mengine yote. Rafiki yako anazungumza kana kwamba majuzuu sita yalikuwa tayari rafuni, Otomo akayachukua na kuyabana yaingie kwenye filamu ya saa mbili na dakika nne. Manga ilianza kutoka katika Young Magazine, jarida la kampuni ya Kodansha, Desemba 1982, na sura yake ya mwisho ikachapishwa Juni 1990. Filamu iliingia kwenye majumba ya sinema ya Japani tarehe 16 Julai 1988. Kwa hiyo watu waliuona mwisho wa filamu karibu miaka miwili kabla ya kuusoma mwisho wa manga. Huwezi kufupisha kitabu ambacho hakijaandikwa. Otomo alikisimulia kisa chake mara ya pili kabla hajamaliza kukisimulia mara ya kwanza. Insha yako ikianzia hapo, itakuwa imeshazipita nyingi.

Ili uone kwa nini masimulizi hayo mawili yaliachana njia, fikiria jinsi hadithi ya jaridani inavyokua. Sisi wa rika fulani tulilelewa na jarida la katuni la Sani: unamfuata Ndumilakuwili, unafika patamu, ukurasa unakatika, unasubiri toleo lijalo. Mchoraji wa hadithi za namna hiyo anaogopa jambo moja tu, msomaji asichoke. Nafasi anayo. Mhusika wa pembeni akimkolea, anamwongezea sura tano, kumi, hata juzuu zima. Ndivyo Akira ilivyofikia kurasa zaidi ya 2,000. Mwongozaji wa filamu mambo yake yamegeuka: watazamaji wameshalipa na wamekaa gizani, hawaendi popote, lakini dakika zinamwishia. Kila mhusika anayemwingiza atamdai muda wa kumaliziwa.

Kwa hesabu ya jumla, filamu inatembea na juzuu la kwanza na sehemu kubwa ya la pili, kisha inaruka hadi kwenye kitu kinachofanana na mwisho wa juzuu la sita. Kilichorukwa ni maisha ya mji mzima baada ya kubomoka. Na mahali pa kuruka panaonekana wazi. Ni onyesho moja, lipo katika kazi zote mbili, na ningekuwa wewe ningeliandikia insha nzima.

Onyesho lenyewe ni hili. Tetsuo, kijana wa genge la pikipiki ambaye jeshi limemfanyia majaribio mpaka akaota nguvu za akili zisizo na breki, anateremka chini ya uwanja unaojengwa kwa ajili ya Olimpiki. Humo ndimo Akira alimofungiwa katika baridi kali kwa miaka mingi. Tetsuo anataka kumwona huyo anayesemwa kuwa na nguvu kuliko yeye. Chumba kinafunguka.

Katika manga anatoka mtoto. Mvulana mdogo, mzima, kimya, macho yake hayaonyeshi kitu. Hapo ni karibu na mwisho wa juzuu la pili, na kuanzia hapo kila mtu mjini anamtaka: jeshi, waasi, mwanasiasa Nezu, na Bibi Miyako mwenye hekalu lake. Juzuu la tatu lote ni mbio za kumgombania mtoto asiyesema neno. Mbio zinaishia pale Nezu anapofyatua risasi akimlenga Akira, akamkosa na kumuua Takashi, mmoja wa watoto watatu wa majaribio wenye sura za wazee. Akira anaona. Neo-Tokyo, mji wa kisa hiki, inafutika. Na kisa kinaendelea kwa majuzuu matatu mengine juu ya vifusi, Tetsuo akiwa mtawala wa Dola Kuu la Tokyo na Akira akikalishwa juu kama mfalme asiyetawala chochote.

Katika filamu chumba kilekile kinafunguka na hatoki mtu. Kuna chupa. Wanasayansi walishampasua Akira zamani, wakamgawa vipande na kumhifadhi kwa ajili ya uchunguzi wa siku zijazo. Rafiki yako akisema Akira haonekani, anasema kweli, ila anadhani ni upungufu. Mimi naona ni uamuzi mkali kuliko wote uliomo katika filamu ile. Otomo hakuwa na dakika za kumfanya mtoto yule awe mhusika, basi badala ya kumwingiza nusunusu akamwondoa kabisa, na kuondoka kwake kukawa habari yenyewe. Watu wanaandamana barabarani wakiliita jina lake kama la masihi, na kumbe wanachokiita kiko ndani ya chupa. Wazo hilo manga haina. Haiwezi kuwa nalo, kwa sababu Akira wake yu hai.

Sasa mwisho uliokuchanganya. Rudisha filamu hadi pale Kei, msichana wa waasi, na Kaneda, kiongozi wa genge la Tetsuo, wanapokuwa mahabusu. Watazamaji wengi hupumzika hapo kwa kuwa hakuna risasi, kumbe ndipo ufunguo ulipowekwa. Kei anazungumzia nguvu iliyomo ndani ya kila chenye uhai, ile inayokifanya kikue kutoka karibu na si kitu mpaka kiwe kilivyo, na anatoa mfano wa amiba: ingekuwaje kiumbe kama huyo angepewa nguvu za binadamu? Amiba hajui kupanga wala kujenga. Anakua na anakula kilicho karibu naye. Ukiyashika maneno hayo ukarudi uwanjani mwishoni, Tetsuo anayevimba na kumeza waya, viti na watu hatakuwa tena kichekesho cha kutisha. Ni mfano ule wa Kei ukitimia mwilini mwa kijana asiyeweza kujizuia. Wale watoto watatu wanamwita Akira arudi, mabaki yanapasua chupa, mwanga unamchukua Tetsuo, na Kaneda anavutwa naye ndani. Watoto wanaingia kumtoa Kaneda wakijua hawatarudi. Humo ndani Kaneda anaona utoto wa Tetsuo: mtoto mpya anayeonewa, na Kaneda anayekuja kumtetea.

Halafu inasikika sauti: "Mimi ni Tetsuo." Wapo wanaosema ulimwengu mpya umezaliwa mahali fulani, na picha za mwisho zinawaunga mkono. Mimi nashikilia jambo dogo zaidi. Filamu nzima Tetsuo amechoka kuwa yule mdogo anayeokolewa na Kaneda, na hapo kwa mara ya kwanza anajitaja mwenyewe bila Kaneda pembeni. Maoni yote mawili yanaweza kusimama. Katika insha chagua moja, ulitetee.

Ukiusoma mwisho wa manga baadaye, utaona Tetsuo anavimba kule pia na Akira anamchukua kule pia. Lakini hadithi haiishii kwenye mwanga. Majeshi ya kimataifa yanaingia na misaada, na Kaneda, Kei na wenzao wanayafukuza wakitangaza kwamba hapa ni Dola Kuu la Tokyo na Akira bado anaishi ndani yao. Vijana wa mtaani, juu ya vifusi, wanawaambia wageni waache misaada na waondoke. Msomaji wa huku kwetu ataisoma sehemu hiyo kwa jicho lake, na sioni sababu ya wewe kulificha hilo jicho. Katika filamu dunia ya nje karibu haipo. Kwa kifupi, filamu ni kisa cha mwili wa mtu mmoja, manga ni kisa cha mji.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanafunzi wa fasihi huiruka kwa kuwa wamezoea kulinganisha matukio tu: nani kafa wapi, nani hayupo. Jiulize nani ameshika muda. Juzuu la tatu, mji unapoanguka, Otomo anaacha maneno na kuchora ukurasa baada ya ukurasa wa majengo yakikatika na maji yakiingia. Ni nyeusi na nyeupe, na hakuna sauti isipokuwa unayoitia mwenyewe. Ukitaka kukaa dakika tano juu ya mchoro mmoja uhesabu madirisha, utakaa. Ukiogopa, utafunua haraka. Mkono wako ndio mwendo. Sinemani mkono huo ni wa mwongozaji, naye hakusubiri.

Ndiyo maana anayesema filamu ni muhtasari hajaitazama vizuri. Pikipiki zinapokimbia usiku taa zao za nyuma zinaacha michirizi myekundu hewani. Michirizi hiyo inahitaji mwendo na rangi, na ukurasa hauna vyote viwili. Filamu ilichorwa kwa mkono kwenye takriban seli 160,000, yaani zile karatasi za plastiki angavu zinazopakwa rangi kisha kupigwa picha moja moja. Sauti nyingi za waigizaji zilirekodiwa kwanza, ndipo wachoraji wakachora midomo iwafuate, jambo ambalo katuni nyingi za Japani wakati ule hazikulifanya kwa sababu ya gharama. Muziki ni wa Geinoh Yamashirogumi, wanaochanganya ala za gamelan za Indonesia na uimbaji wa Noh, tamthilia ya jadi ya Japani. Izime sauti utazame dakika kumi za mwanzo, kisha uiwashe urudie. Utakuwa na aya mbili za insha bila kufungua kitabu.

Na hasara zipo, nisikudanganye. Kubwa kuliko zote ni Bibi Miyako. Katika manga yeye ni namba 19 wa majaribio yaleyale yaliyomzaa Akira, namba 28, na ndiye anayemweleza Tetsuo asili ya nguvu zake. Hekalu lake linalisha na kutibu watu baada ya maafa. Katika filamu amebaki kiongozi wa dini anayepita akipiga kelele na kufia darajani. Chiyoko, mwanamke mwenye nguvu kuliko wanaume wote wa hadithi ile, hayupo kabisa. Kaori hapewi haki yake kokote: kwenye filamu ni mpenzi wa Tetsuo tangu mwanzo na kazi yake ni kulia na kusagwa, kwenye manga anaingia baadaye sana, anapewa ubinadamu kidogo zaidi, kisha anauawa. Kaneda naye amesafishwa. Yule wa manga ana uhusiano na muuguzi wa shule, na muuguzi anapomwambia ana mimba anamjibu kwa dharau. Yule wa filamu ni mtundu unayempenda haraka. Dakika 124 zinahitaji shujaa ambaye hatutabishana juu yake.

Otomo si mtu wa pekee kuingia katika hali hii. Hayao Miyazaki aliiongoza mwenyewe filamu ya Nausicaä mwaka 1984 kutokana na manga yake aliyoianza 1982, na manga hiyo hakuimaliza hadi 1994. Filamu inafunga mlango kwa tumaini mapema, manga inaendelea miaka kumi na kufika penye giza zaidi. Itaje kwa sentensi mbili, msimamizi wako aone kwamba unajua jambo hili lilitokea zaidi ya mara moja. Usiende mbali zaidi ya hapo, utapotea.

Kuhusu pesa, bahati iko upande wako. Nunua juzuu la kwanza na la pili, kwa kufuatana. Ningeweza kukushawishi ununue la kwanza na la sita ulinganishe mianzo na miisho, na wapo walimu watakaokwambia hivyo, lakini utaufikia mwisho wa sita bila kuwajua nusu ya waliomo. Majuzuu mawili ya mwanzo ndiyo yanayotembea bega kwa bega na filamu, na yanaishia muda mfupi baada ya chumba kufunguka. Yaliyobaki muazime huyo rafiki yako. Amesema mengi, akupe na vitabu.

Kabla ya kulipa, angalia toleo. Manga asili ni nyeusi na nyeupe na inasomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Tafsiri ya Kiingereza iliyotolewa na Epic, tawi la Marvel, kuanzia 1988, ilitiwa rangi na Steve Oliff na kurasa zake zikageuzwa zisomwe kushoto kwenda kulia. Kazi ya rangi ni nzuri sana, lakini ukiandika juu ya "rangi za Otomo" ukiwa na toleo hilo mkononi, utakuwa unamsifia mtu mwingine. Seti ya jalada gumu iliyotoka 2017 imerudisha mwelekeo wa Kijapani. Miaka nayo inayumba: katika manga ya Kijapani mlipuko wa kwanza, ule ulioiangamiza Tokyo ya zamani, ni Desemba 1982, tafsiri ya Kiingereza imeusogeza hadi 1992, na filamu imeuweka tarehe 16 Julai 1988, siku ileile filamu yenyewe ilipoanza kuonyeshwa. Aliyekata tiketi siku hiyo aliuona mji wake ukilipuliwa leo hii. Hilo linastahili aya.

Kitu kimoja nakuomba ukiache: ule uvumi kwamba Akira ilitabiri. Kwa kuwa kisa kimewekwa 2019 na Olimpiki inangojwa 2020, na ya kweli ya Tokyo ikaahirishwa hadi 2021, mitandao ilijaa watu wakishangaa. Olimpiki iliyomo kichwani mwa kazi hii ni ya 1964, pamoja na maandamano ya wanafunzi wa miaka ile na mji uliojengwa upya juu ya majivu ya vita. Otomo alizaliwa 1954, alikuwa mtoto wa miaka kumi. Alitazama nyuma. Hata majina yanatazama nyuma: Shotaro Kaneda, Shikishima (jina la kanali wa jeshi) na ile namba 28 vinatoka katika Tetsujin 28-go, hadithi ya Mitsuteru Yokoyama kuhusu roboti iliyotengenezwa na jeshi la Japani wakati wa vita. Silaha kubwa inayomtii yeyote aliyeshika kidhibiti chake. Sasa soma tena jinsi kila kundi linavyomgombania yule mtoto.

Yapo mawili ambayo siwezi kukumalizia kwa maandishi. Ukitaka kugusa lugha, jinsi vijana wa genge wanavyoongea au zile sauti zilizochorwa ndani ya picha, mtafute ana kwa ana mtu anayesoma Kijapani, mkae na kurasa tatu nne tu. Tafsiri za Kiingereza zinatofautiana, na filamu yenyewe ina sauti za Kiingereza za zamani na nyingine za 2001 ambazo hazisemi mambo sawasawa. Itazame kwa Kijapani chenye maandishi chini. La pili, kabla ya kuandika ukurasa hata mmoja, mpelekee msimamizi wako onyesho lile moja la chumba kufunguka, umwambie ndilo mpaka wa insha. Wengine wanataka nadharia ya tafsiri na urekebishaji itangulie, wengine wanakuruhusu uanze na kazi zenyewe. Bora ulijue sasa kuliko wiki ya mwisho.

Mdogo wako: hapana, bado. Kule Japani jarida lililochapisha hadithi hii lilikuwa la vijana wakubwa, na Marekani filamu imewekwa daraja la R, yaani asiyefika miaka 17 haingii bila mtu mzima. Kuna damu nyingi, kuna vidonge vya kulevya, kuna onyesho ambapo genge linamvamia Kaori na kumchania nguo, na mwili wa Tetsuo mwishoni utamkosesha usingizi. Akiwa kidato cha tatu au cha nne, kaeni wote mwitazame, rimoti iwe mkononi mwako. Kwa sasa akikusumbua, mwonyeshe dakika zile za mwanzo za pikipiki barabarani, uzime kabla hazijaanza kugongana.